Bili kwa Jina la Mzee Mbwana

Bi Mwanabaraka alikuwa mama mwenye nyumba wangu kule Temeke, upande unaopakana na Chang'ombe, na kwa muda wote niliokaa kwake sikuwahi kumwona akikimbia. Hata mvua inyeshe juu ya nguo alizoanika, hata mpangaji agombane na mkewe katikati ya ukumbi, yeye kwanza atajifunga kanga yake vizuri, atatafuta kandambili zake, ndipo aje. Mimi ni mtu wa bara, na hasira zangu hazikai mbali. Mwendo ule ulikuwa unanitia wazimu. Siku ya kwanza nilipomwendea kumwambia bati la chumba changu linavuja, aliniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo na jiko uani. Yeye alikaa chumba cha mbele, vingine tulipanga sisi. Mita ya umeme ilikuwa moja tu, juu ya mlango wa mbele, na bili ikija tunachangishana. Aliyewahi kupanga nyumba za namna hii anajua hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwenye taa tupu hataki kulipa sawa na mwenye redio, mwenye redio anamtazama kwa jicho baya mwenye pasi, na mwenye pasi nilikuwa mimi.

Bi Mwanabaraka mwenyewe alikuwa na friji. Zilikuwa enzi za ruksa, mitumba ya kila aina inashuka bandarini, na friji lile lilitoka Dubai likiwa limechubuka ubavu na mlango wake unafungwa kwa kamba. Humo aligandisha barafu za ukwaju na za ubuyu, akawauzia watoto wa mtaa na mafundi wa karakana yetu ya kuchomelea vyuma. Jua la mchana likituunguza pamoja na moto wa kazi, tulikuwa tunazisubiri barafu zile kuliko mshahara. Friji ndilo lililomlisha tangu mumewe alipofariki.

Mumewe, Mzee Mbwana, alikuwa mfanyakazi wa bandarini, Kurasini. Mimi sikumkuta. Alifariki miaka kadhaa kabla sijahamia pale. Lakini bili ya umeme iliendelea kuja kwa jina lake, mwezi baada ya mwezi, na Bi Mwanabaraka alikuwa na tabia moja: akiipokea, kabla ya kutazama anadaiwa nini, analisoma jina kwanza. Analisoma kwa sauti ya chini, lote, la kwake na la baba yake, kisha ndiyo anashuka chini kwenye deni.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi ofisini kubadilisha. Akasema wakijua mwenye mita kafa watakata umeme, wataanza kudai karatasi za mirathi, na mirathi huku kwetu inaweza kumzika mrithi. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Nyingine hakuisema, lakini haikuhitaji miwani kuiona. Bandarini walishafuta jina la mzee, shati zake zilishagawiwa, rafiki zake wa bao walishapata mtu wa kukaa mahali pake. Ni bili tu ndiyo iliyokuwa bado inamjua Mzee Mbwana kama mtu aliye hai, na mkewe hakutaka kumnyang'anya hilo. Kwa hiyo kila akija mtu mwenye mkoba na kalamu sikioni akamuulizia mzee, yeye alijibu kwa upole: "Katoka kidogo. Atarudi jioni." Sisi wapangaji tulisikia, tukanyamaza. Nyumba si yetu.

Ukaja ule mwaka wa mgao. Umeme ukawa unakuja kama mgeni asiyependa kukaa, unawaka kwa saa mbili unazimika kutwa. Barafu zikayeyuka. Bi Mwanabaraka akawa anawagawia watoto maji ya ukwaju kwenye vikombe, bure, maana kuyamwaga ni dhambi. Halafu, katikati ya giza hilo, bili ikaja kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona.

Wapangaji tulikaa ukumbini, na macho yote yakaja kwenye pasi yangu. Sikungoja nisemwe. Niliingia ndani nikaitoa, nikaiweka sakafuni mbele yao, nikawauliza hiyo pasi, hata kama ingekuwa na njaa ya mwaka mzima, ingekula umeme upi? Mke wa mpangaji mmoja akacheka, wengine wakaona aibu, yakaisha. Lakini Bi Mwanabaraka hakucheka. Aliikunja bili akasema atailipa, taratibu, atauza friji ikibidi.

Nikamuuliza atalipaje umeme ambao haukuwaka, na bila friji atakula nini. Akasema ni kweli haukuwaka, lakini anayelalamika huulizwa yeye ni nani, na yeye hataki kuulizwa. Nililala nimekasirika kana kwamba friji ni langu.

Wiki hiyohiyo alikuja mtu mlangoni. Kijana nadhifu, shati la kijivu limenyooka, bisibisi mfukoni, mkoba begani. Akamuulizia Mzee Mbwana kwa jina lake kamili. Bi Mwanabaraka akamjibu kama ilivyo ada, mzee katoka kidogo, atarudi jioni. Kijana akashukuru, akasema atapita tena. Aliporudi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa ukumbini na bisibisi, natengeneza redio ya mpangaji mwenzangu, na yote yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu haya.

Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda na maji ya kunywa. Akajitambulisha kwamba anaitwa Khalfani, anatoka ofisi ya umeme, anashughulikia malalamiko ya wateja. Aliongea vizuri, hilo simnyimi. Alisema bili ile ni makosa, nusu ya Temeke wamepata bili za makosa, na wakubwa ofisini hawataki kukiri, ila kuna njia ya ndani ya kuyamaliza kimyakimya. Bi Mwanabaraka alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu. Na mimi, mjuaji, nilikuwa nimeshaanza kumwamini, maana alisema kilekile nilichotaka kukisikia. Kisha akasogeza kigoda karibu.

"Tena mama, Mzee Mbwana mwenyewe alikuja ofisini jana. Tumeongea naye, tumeelewana. Kaniagiza nipite hapa unipe nusu ya hiyo hela, na bili inafutwa leo leo. Ikifika Jumatatu wanakuja kukata."

Bisibisi ilinianguka mkononi. Nikainuka. Bi Mwanabaraka aliinua kidole kimoja tu kutoka gotini, vile mtu anavyomzuia mtoto anayetaka kudakia maneno ya wakubwa. Nikakaa. Yeye alikuwa anamtazama yule kijana bila kupepesa.

"Alikuja ofisini?" akamuuliza.

"Jana, mama. Asubuhi."

"Hali yake?"

"Mzima kabisa. Tena mcheshi mzee wetu, tumecheka naye sana."

"Na mguu haumsumbui?"

Kijana akafikiri kidogo. "Anachechemea kwa mbali, lakini anajitahidi."

Mzee Mbwana, kwa yote niliyowahi kusimuliwa, hakuwahi kuumwa mguu maisha yake yote. Nilitegemea mama atacheka, au atapiga kelele watu wajae. Badala yake uso wake ulilainika, ukawa kama wa mtu aliyepata barua kutoka mbali. Baadaye alikuja kuniambia mwenyewe: alijua anadanganywa, alijua tangu neno la kwanza, lakini kwa dakika ile alifurahi. Tangu amzike, hakuna mtu aliyewahi kumletea salamu za mumewe na kumwambia ni mzima na anacheka.

"Basi baba," akasema, "ukimwona mwambie mkewe kasema hela hampi mtu mkononi. Aje mwenyewe. Mwambie namngoja."

Kijana hakukata tamaa upesi. Alisema mzee ana shughuli. Alisema Jumatatu ni karibu. Akachana kipande cha karatasi akaandika namba ya simu, eti mama aende kwenye simu ya kulipia apige, wataitikia ofisini na kumthibitishia. Bi Mwanabaraka akamjibu kwamba namba ya ofisi imepigwa chapa kwenye bili, na akitaka kuwapigia atapiga hiyo. Basi kijana akaomba apewe hiyo bili pamoja na risiti za zamani, akazigongee mhuri, atazirudisha mchana. Akanyimwa hizo nazo, kwa upole uleule, na akaulizwa kama ataongeza maji.

Hapo mimi nikashindwa. Mtu anamtumia marehemu kuiba, halafu anaongezewa maji.

"Mzee Mbwana amekufa, wewe," nikamwambia. "Amekufa zamani. Hayo mazungumzo mliyafanyia kaburini?"

Kijana alinitazama, akamtazama mama, akachukua mkoba wake. Hakuaga. Alitembea mpaka kwenye duka la Hashil, pale kona, na kutoka hapo akakimbia. Nilirudi ndani najiona shujaa, nikitegemea shukrani. Bi Mwanabaraka alikuwa bado amekaa palepale.

"Nani kakutuma uyaseme hayo?" akaniuliza. Haikuwa sauti kubwa. Aliinuka, akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na siku ile hakutoka hata kwa ajili ya wateja wa barafu.

Jioni tukajua mengine. Kijana yule alikuwa ameshapita kwa Bahiya, mke wa Hashil, siku ambayo Hashil alikwenda Kariakoo kuchukua mzigo. Alimwambia mumeo kaniagiza, na Bahiya akatoa hela ya dukani bila hata kuomba risiti, maana mtu anayemtaja mumeo kwa jina lake na la baba yake utamdhania vipi? Majina aliyapata wapi? Palepale dukani. Mleta bili wa umeme hakuwa na muda wa kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Aliziacha zote juu ya meza ya Hashil, kila mtu akipita anachambua yake, na anayetaka anasoma na za jirani. Hashil aliposikia, alifoka mpaka watu wakadhani kaibiwa duka zima. Kuanzia siku hiyo bili za mtaa akawa anaziweka ndani, chini ya mizani.

Jumapili baada ya magharibi Bi Mwanabaraka alikuja mlangoni kwangu. Akasimama.

"Leonardi, kesho kazini unaweza kuchelewa?"

Nikasema naweza.

"Yule mtu uongo nimempa mwenyewe," akasema. "Mie ndiye niliyemwambia mzee katoka. Yeye kauchukua tu, kaniletea."

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si neno la kumwambia mjane mlangoni usiku.

Asubuhi hakuwa na haraka, kama kawaida yake. Alinipandisha juu ya kiti nisome tarakimu za mita, nikaziandika nyuma ya karatasi ya sigara. Akatoa risiti zake kutoka kwenye mkebe wa biskuti, tukapita kwenye duka la kutoa kopi, akatoa kopi za zile za karibuni. Kopi akanipa nishike, halisi akazifunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia hizo za pindoni hazitoki mpaka arudi nazo nyumbani.

Nje ya ofisi ya umeme kulikuwa na vijana wamejaa getini. Siku hizi tunawaita vishoka, wakati ule hata jina walikuwa hawajapata sawasawa. Mama, tatizo la bili? Mama, nipe hiyo nikuingizie, foleni ni ndefu. Mmoja alivaa shati la kijivu kama la yule wetu, na nakiri nilimpitishia bega kwa makusudi. Bi Mwanabaraka alikuwa anawajibu wote sawa, ahsante baba, ahsante baba, huku anatembea, mpaka tukafika dirishani.

Dirishani alikaa dada mmoja aliyevaa sweta kwenye joto lile, kibao chake kimeandikwa Benedicta. Alionekana amechoka, lakini alisikiliza. Bi Mwanabaraka alimweleza kwamba mwezi ule umeme wenyewe haukuwepo, barafu zake zilikuwa maji, mtaa mzima ni shahidi. Benedicta akachukua ile karatasi ya sigara, akafungua jalada, akalinganisha. Akasema msoma mita hakufika, kwa hiyo bili ilikadiriwa kwa kufuata miezi iliyopita, ile ya kabla ya mgao. Itasahihishwa. Atatumwa mtu kuhakiki mita, atakuwa na kitambulisho, na asipewe hata senti, kwani hela inalipwa hapo dirishani na risiti inatoka hapohapo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hata nikaanza kutafuta kiti.

"Sasa asaini mwenye mita," akasema Benedicta. "Mzee Mbwana ni nani kwako, mama?"

"Mume wangu."

"Basi aje asaini."

Nyuma yetu foleni ilikuwa inapumua. Mimi niliitazama sakafu, nikaung'ata ulimi kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuung'ata maishani, maana neno lilikuwa limenijaa mdomoni na sasa nilijua si langu. Bi Mwanabaraka aliishika kanga yake, akaifungua kidogo kifuani, akaifunga upya.

"Hawezi kuja," akasema. "Amefariki."

Halafu, kama aliyefungua bomba akashindwa kulifunga, akaendelea. "Amefariki, tumemzika, eda nimekaa nimemaliza. Ila nilikuwa sijaja kuwaambia."

Benedicta akaiweka kalamu chini. "Pole, mama," akasema. Wala hakushangaa. Akaeleza kwamba hakuna wa kukata chochote, kwamba wajane wengi wa Temeke wanalipa kwa majina ya marehemu, na kwamba alete hati ya kifo na barua kutoka kwa katibu kata, jina litabadilishwa. Malalamiko aliweza kuyasaini yeye mwenyewe siku ileile, kama mke. Akasaini. Jambo alilolikimbia miaka yote hiyo liliisha kwa muda wa kukaanga sahani ya vitumbua, na mimi nilitamani kumgombeza na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Sikufanya lolote. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na kopi.

Mhakiki mita alikuja kweli, mtu mzima mwenye kipara. Akasimama mlangoni akamuulizia Mzee Mbwana, kama walivyomuulizia wote. Mimi nilikuwa uani nafua, nikaacha nguo ndani ya povu nisikilize.

"Mzee Mbwana amefariki," akasema Bi Mwanabaraka. "Mwenye mita ni mie. Wewe nani?"

Alikidai kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, akanipa na mimi nikisome, akamlinganisha mtu na picha yake mpaka yule mzee wa watu akaanza kutoka jasho. Ndipo akapewa kiti cha kupandia. Alipomaliza kusoma mita alipewa barafu ya ubuyu, na hela yake ilikataliwa.

Barua ya katibu kata ilichukua muda wake, ofisi zetu zinajulikana. Lakini bili mpya ikaja. Hashil aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, haikulala mezani. Deni lilikuwa dogo, lile la haki. Bi Mwanabaraka aliipokea akakaa kwenye kigoda, na kama desturi yake hakushuka chini kwenye deni. Alisoma jina kwanza, kwa sauti ya chini, lote: Mwanabaraka binti Mwinjuma. Akarudia. Karatasi ilikuwa bado mkononi, na nilipomtazama machozi yalikuwa yanashuka wala hayafuti.

"Leonardi," akasema, "leo ndiyo nimemzika."

Nilikaa chini sakafuni karibu naye. Mimi si mtu wa maneno mazuri, na safari hii sikuyatafuta. Tulikaa hivyo mpaka umeme ukarudi, friji likatikisika likaanza kuunguruma kule chumbani, na watoto wa mtaa, ambao husikia friji kabla ya wenye friji, wakaanza kuita hodi. Bi Mwanabaraka aliikunja bili akaifunga kwenye pindo la kanga. Akajipangusa uso, akajifunga vizuri, akaanza kutafuta kandambili zake.

"Subirini," akawaambia. "Bado hazijaganda."